Densiti mara ujazo: kwa nini kibamba kimoja cha chuma kimekupa tani 157

Swali lenyewe limekuja hivi: "Mtaalamu habari. Nina vibamba 40 vya chuma vinavyofanana, kila kimoja urefu sentimita 20, upana sentimita 5, unene milimita 2. Hapa nilipo hamna mzani na nataka kujua vyote vitakuwa kilo ngapi kabla sijavisafirisha. Nimeona densiti ya chuma ni 7850, nikazidisha na ujazo, kibamba kimoja kikaja kilo 157,000. Nikasema hapana, nikagawanya kwa 100 ili sentimita ziwe mita, ikaja kilo 1570. Nakosea wapi?"

Nzuri ndugu, na kwanza nikupongeze kwa hilo neno "hapana", maana wengi wakishaona kalkuleta imetoa jibu wanaliandika tu na kupiga mstari chini yake. Wewe umeangalia kibamba kinachoshikika kwa vidole viwili ukakataa kwamba kina tani 157. Hiyo ndo nusu ya kazi, serious.

Fomula yako haina shida. Tungamo ni densiti mara ujazo, hamna ujanja mwingine hapo. (Nasema tungamo, wewe umeandika kilo ngapi, wengi tunasema uzito, kwa shughuli yako ni kitu kilekile. Kwenye fizikia uzito ni nguvu inayovuta kitu chini na unapimwa kwa nyutoni, tungamo ni wingi wa mata na ndo unapimwa kwa kilo. Tupite.)

Shida ni kwamba umeichukua 7850 kama namba tupu. Densiti sio namba, ni sentensi. Ukikuta imeandikwa 7850 jiulize 7850 za nini, kwenye nini? Sentensi yake nzima ni hii: kila mita moja ya ujazo ya chuma hiki ina kilo 7850. Sasa hebu liwaze hilo boksi, mita moja kwenda mbele, mita moja pembeni, mita moja juu, alafu limejaa chuma tupu bila hata katundu. Karibu tani nane. Sawa, hilo linaingia akilini.

Afu tuje kwenye kibamba chako. 20 mara 5 mara 0.2 (milimita 2 ni sentimita 0.2, hapo ulikuwa makini) ni 20. Lakini 20 za nini? Ni sentimita za ujazo 20, yaani vipande ishirini vya ukubwa wa dadu dogo. Ulipozidisha 20 kwa 7850 umesema kila kadadu kana tani nane kasoro. Kalkuleta haioni dadu wala boksi, inaona namba mbili, inazidisha, basi.

Mara ya pili ulishtuka kwamba vipimo havilingani, ni kweli kabisa, ila ukagawanya kwa 100. Hapa ndo watu wengi wanapozama, hata wenye vyeti vyao, kwa sababu mita moja ni sentimita 100 na hilo tunalijua tangu utotoni kwaiyo mkono unaenda wenyewe. Ila wewe hukuwa unabadilisha urefu, ulikuwa unabadilisha ujazo. Rudi kwenye lile boksi la mita moja uanze kulipanga madadu ya sentimita moja moja. Mstari mmoja chini unakula madadu 100. Kufunika sakafu yote ya boksi unahitaji mistari 100 ya namna hiyo, ni madadu 10,000. Na boksi likijaa mpaka juu ni sakafu 100 zimepandana, madadu 1,000,000. Milioni! Kwaiyo sentimita za ujazo 20 ni mita za ujazo 0.00002, sio 0.2. Mita za ujazo 0.2 ni ujazo wa pipa zima la lita 200, ndo maana ukapata kilo 1570, na kusema kweli pipa hilo likijaa chuma kigumu zitakuwa hizo kilo 1570 kweli. Hesabu yako ilikuwa sahihi, ila ya kitu kingine.

Sasa 0.00002 mara 7850 ni 0.157. Kilo 0.157, ambazo ni gramu 157. Hilo ndo jibu la kibamba kimoja.

Mimi lakini nisingepita njia hiyo, hizo sifuri nyingi ni mtego, ukidondosha moja umeharibu kila kitu. Kwa vitu vidogo ibadilishe densiti badala ya ujazo. Kilo 7850 kwa mita ya ujazo ni gramu 7.85 kwa sentimita ya ujazo, unagawanya kwa 1000 tu. (Kwa nini 1000 na sio milioni? Kwa sababu kilo nazo zimegeuka gramu, juu umezidisha kwa 1000 chini umegawanya kwa milioni, inabaki kugawanya kwa 1000.) Hapo hesabu inakuwa 20 mara 7.85, gramu 157, unaweza kuifanya kichwani ukiwa umesimama. Na kuna zawadi nyingine, namba ileile 7.85 ni kilo kwa lita pia, na ni tani kwa mita ya ujazo pia. Gramu na sentimita ya ujazo, kilo na lita, tani na mita ya ujazo, jozi hizo tatu zinatumia namba moja. Ukizikariri hizo jozi utakuwa umeaga zile sifuri kwa muda mrefu.

Kuna ile pembetatu wanafundisha, tungamo juu, densiti na ujazo chini, unafunika kwa kidole unachotafuta. Mimi siipendi. Sio kwamba ni uongo, inatoa jibu, ila inamfundisha mtu kufunika badala ya kufikiri, na haimwambii chochote kuhusu vipimo, ambako ndo makosa karibu yote yanazaliwa. Wewe mwenyewe ni shahidi, pembetatu ingekupa tani 157 bila aibu yoyote.

Badala yake ntakupa dawa ninayoitumia kila siku: linganisha na maji. Maji yana densiti 1, kwa ile mizani ya gramu kwa sentimita ya ujazo. Kwaiyo sentimita za ujazo 20 za maji ni gramu 20, kama vijiko vinne vidogo vya chai. Chuma ni karibu mara nane ya maji. Nane mara 20 ni 160. Basi kabla hujagusa kalkuleta unajua jibu litakuwa jirani na gramu 160, ikikuletea tani unaizima. Kichwani weka namba chache tu: aluminiamu 2.7, chuma karibu 7.9, shaba nyekundu karibu 9, risasi 11.3, zebaki 13.6, dhahabu 19.3. Zenye namba ndogo kuliko maji ni kama barafu 0.917, ndo maana inaelea, na petroli inazunguka 0.74. Hiyo ya dhahabu inanichekeshaga nikiangalia muvi, mwizi anatoka mbio na begi limejaa vipande vya dhahabu begani. Begi la lita 20 likijaa dhahabu kweli ni kilo 386. Akimbie nalo wapi?

Na kama unajiuliza kwa nini maji yakawa 1 kamili hivi, kama vile Mungu alipenda namba nzima, hapana, ni watu walipanga. Mwaka 1795 Ufaransa walitangaza kwamba gramu ni uzito wa maji safi yanayojaa mchemraba wa sentimita moja, yakiwa na joto la barafu inayoyeyuka. Baadae wakahamia nyuzi 4, ambapo maji yanakuwa mazito kuliko joto lingine lolote, na mwaka 1799 wakatengeneza kilo ya platinamu kwa msingi huo. Leo kilo haishikiliwi tena na maji wala na kipande cha metali, tangu tarehe 20 Mei 2019 inatokana na konstanti ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika. Lakini ile alama ya maji imebaki, kwa nyuzi 4 ni 0.99997, kwa nyuzi 25 ni 0.997. Kwa kazi kama yako sema 1 ulale usingizi.

Usidhani kosa lako ni la wanaoanza. Tarehe 23 Julai 1983 huko Kanada, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa juu, futi 41,000, kwa sababu ya hesabu hiihii ya tungamo ni densiti mara ujazo. Kipimo cha mafuta cha ndani ya ndege kilikuwa hakifanyi kazi, wakapima kwa vijiti, wakapata kwenye matenki kuna lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ili lita ziwe kilo unazidisha kwa densiti, na densiti ya mafuta ya ndege ni karibu 0.8, kilo kwa lita. Wao wakazidisha kwa 1.77. Sasa 1.77 nayo ni densiti ya kweli kabisa ya mafuta yaleyale, ila ni ratili (paundi) kwa lita, kipimo walichozoea kabla hawajahamia kilo. Ikaja 13,597 wakaziita kilo, wakaona zimepungua 8,703, wakagawanya tena kwa 1.77, wakaongeza karibu lita 4,917 na ndege ikaondoka. Ukweli ni kwamba jumla ilikuwa na kama kilo 10,100 hivi, haifiki hata nusu. Injini zote mbili zikazima njiani. Bahati rubani, Robert Pearson, alikuwa na uzoefu wa ndege zisizo na injini, akaishusha ikielea tu mpaka kiwanja cha zamani cha jeshi pale Gimli, na watu wote 69 wakatoka hai.

Angalia kitu kimoja hapo: kama wangejiuliza kwa ile dawa ya maji wangekamata kosa palepale. Mafuta yanaelea juu ya maji, kila mtu anajua. Densiti ya 1.77 kilo kwa lita ingemaanisha mafuta yazame kama jiwe.

Haya, kibamba ni umbo rahisi, ila najua kesho utakuja na bomba, tulimalize kabisa. Kwenye bomba watu wanakosea ujazo wenyewe, wanachukua kipenyo cha nje wanahesabu kama mti mzima. Chuma kiko kwenye ukuta tu, ndani mle ni hewa. Chukua bomba la kipenyo cha nje milimita 50, ukuta milimita 3, urefu mita 6. Kipenyo cha ndani sio 47 jamani, ni 44, ukuta upo pande mbili. (Hiyo 47 nimeshaifanya mimi, kwa maandishi, nikaikabidhi kwa mtu, na akaja nayo mkononi kuniuliza.) Weka vyote kwa sentimita: eneo la duara la nje toa eneo la duara la ndani, 5 mara 5 toa 4.4 mara 4.4 inabaki 5.64, zidisha kwa 3.1416 gawanya kwa 4, unapata sentimita za mraba 4.43. Mara urefu sentimita 600, ujazo ni kama 2,658. Mara 7.85, gramu 20,865, sema kilo 20.9. Ungehesabu kama nondo nzima ungepata kilo 92.5. Tofauti hiyo ni mtu mmoja mzima kabebwa bure.

Kitu kisicho na umbo, boliti, jiwe, funguo, unakizamisha kwenye maji. Silinda ya kupimia ilikuwa inasoma mililita 60, umekidumbukiza inasoma 73, ujazo wake ni 13, mililita na sentimita ya ujazo ni kitu kimoja. Kama ni boliti ya chuma basi 13 mara 7.85, gramu 102. Itikise kidogo kwanza, povu likinata kwenye meno ya boliti nalo linahesabiwa kama chuma.

Alafu kuna vitu vya lundo, mchanga, kokoto, nafaka, hapa lazima uulize densiti ya nini hasa. Chembe moja ya mchanga wa kwatzi ina densiti 2.65. Lakini mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu uliomwagwa haina kilo 2650, ina karibu 1600, kwa sababu katikati ya chembe kuna hewa imejificha. Lori limebeba mita za ujazo 5, ukitumia 2650 unasema tani 13 na robo, ukitumia 1600 unasema tani 8. Dereva anataka ya pili. Na mchanga ukinyeshewa zile nafasi zinaingia maji, namba inapanda tena.

Hewa yenyewe usiidharau. Densiti yake kwa nyuzi 20 usawa wa bahari ni karibu kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Chumba cha mita 4 kwa 5, kimo mita 3, ni mita za ujazo 60, hewa iliyomo ndani ni kilo 72. Kwenye chumba kitupu.

Joto kwa chuma chako lisikusumbue, kinatanuka kidogo mno. Kwa vimiminika ndo angalia, lita 1000 za petroli joto likipanda nyuzi 10 zinakuwa karibu lita 1009 na nusu, wakati tungamo haijasogea hata gramu. Kwaiyo densiti ya petroli bila kusema joto lake ni nusu ya habari.

Kwa vibamba vyako mimi ningeogopa kitu kingine kabisa, unene. Urefu wa sentimita 20 ukikosea milimita moja ni nusu asilimia, hamna atakayejua. Unene wa milimita 2 ukikosea hata nusu milimita ni robo nzima ya jibu imeondoka au imeongezeka, na kwa rula ya kawaida nusu milimita inapotea kirahisi sana. Bamba likiwa na milimita 1.8 badala ya 2, kila kimoja kinakuwa gramu 141 na sio 157. Kama una venia (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi) itumie. Kama huna, panga vyote 40 kimoja juu ya kingine, vibane kwa mkono, pima kimo cha rundo lote kwa rula yako hiyohiyo kisha gawanya kwa 40, kosa la rula nalo linagawanywa kwa 40. Rundo likisoma sentimita 8 kamili, unene wako ni milimita 2 kweli. Kama vina rangi nene au kutu vitakudanganya kidogo kwenda juu.

Na uwe na uhakika ni chuma gani. 7.85 ni ya stili ya kawaida ya mabamba. Stenlesi inagonga karibu 8, chuma cha kumimina ni karibu 7.2, kwaiyo kama vibamba vimetokana na mashine kuukuu iliyomiminwa kwenye kalibu, jibu linashuka kwa karibu asilimia 8.

Tukichukua ni stili na rundo limesoma sentimita 8, basi 40 mara gramu 157 ni gramu 6,280. Mzigo wako wote ni kilo 6.3, weka kwenye begi imara lenye kitako kigumu maana kona za bamba zinatoboa, na huhitaji lori.